Barua Ambayo Haimo Kitabuni

"Soma tena hilo la tatu," Bosi alisema, miwani ameipandisha juu ya paji la uso.

"Nimeshalisoma mara mbili, Bosi."

"Soma. Nataka nilisikie kwa sauti yako."

Nikainua simu, nikasoma: "'Huyu Mshona Mahema si shujaa, ni mwongo. Anamdanganya mwanaume miaka saba, halafu vita vikiisha anakataa hata kumfuata ng'ambo ya mto. Ndiyo tumpigie makofi? Mwisho ubadilishwe. Avuke, aolewe, atulie.' Limeandikwa na Mke Mwema."

"Na la nne?"

"'Naunga mkono aliyetangulia.' Huyo anajiita Baba Watatu."

Bosi akashusha miwani, akanitazama. "Mwandishi, hawa ni saba ndani ya wiki moja, na wote wanalia na mwisho. Saba si wachache."

"Wanaosifu ni zaidi ya mia!"

"Wanaosifu wanatuma mioyo. Mioyo siwezi kuiita maoni. Hawa saba karibu wote wameandika aya nzima nzima."

Nilitaka kumrushia ile simu. Miaka tisa nimekaa kwenye kiwanda chake cha uchapaji nikipanga kurasa za vitabu vya watu. Vitabu vya hesabu, vya ufugaji wa kuku, hotuba za wastaafu. Kila herufi imepita mikononi mwangu, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Mwaka huu ndiyo mara ya kwanza nikapanga kurasa za kitabu nilichokiandika mwenyewe: *Adui wa Ng'ambo ya Mto*. Ni hadithi ya zamani, enzi za falme mbili zilizopakana na mto. Upande mmoja kuna jasusi wa kike anayejifanya mshona mahema ya jeshi. Upande wa pili kuna jasusi wa kiume anayejifanya mchora ramani. Wanatumwa kuchunguzana, wanapendana, na kila mmoja anajua mwenzake ni nani. Vita vinapoisha Mchora Ramani anasimama ng'ambo anamwita avuke. Mshona Mahema anamjibu maneno mawili tu: "Vuka wewe." Na mwanaume anavuka.

Nakala mia tano ziliisha kwa miezi miwili. Bosi alitaka toleo la pili, lakini ana utaratibu wake ambao haupindi hata kwa mzazi wake. Kabla ya toleo la pili anakusanya maoni kwenye kundi la wasomaji la simu, kisha anawaita wasomaji wenyewe kiwandani wakae kwenye mabenchi waseme. Wengi wakilalamikia jambo moja, mwandishi analirekebisha.

"Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana na wasomaji," Bosi alisema. "Uje na mwisho mwingine mkononi. Kama hautahitajika, utauchana."

"Bosi, huo mwisho ndiyo kitabu chenyewe."

"Uje nao," alisema, akarudi kwenye makaratasi yake.

Nikatoka nje, nikampigia mtu pekee niliyetaka kumsikia.

"Mpenzi, hujambo?" Mwalimu alipokea kabla simu haijaita mara mbili. Kwa nyuma nilisikia wanafunzi wake wakipiga kelele.

"Sijambo, lakini nimechoka. Yale maoni sasa ni saba."

"Saba! Pole. Lakini mpenzi, si nilikuambia? Mwisho ule watu hawatauelewa."

"Wewe uliposoma mswada ulisema umekukosha."

"Ulinikosha mimi. Mimi nakufahamu. Watu hawakufahamu." Sauti yake ikashuka. "Halafu kuna Mama. Juzi kanirudia tena."

"Amesemaje?"

"Anasema hawezi kukaa ukumbini kwenye harusi ya mwanawe, watu wananong'ona kuhusu kitabu cha mkwe. Badilisha ukurasa mmoja tu. Mmoja! Mtulize huyo mwanamke wako, na Mama atatulia."

Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu. Kadi mia mbili zilikuwa zimeshatoka. Kwa aibu ya hayo aliyoniambia, sikuwa nimepokea simu za mama yake kwa wiki mbili. Zikiita, naitazama simu mpaka inyamaze. Nilikuwa nampenda mama yule. Ni muuguzi mstaafu, anaongea kama anatoa sindano, haraka na bila kukuomba radhi, na siku ya kwanza kunipokea kwake alinishika mashavu akasema, "Huyu ndiye." Kumpoteza yeye kuliniuma karibu sawa na kumpoteza mwanawe.

"Nitafikiria," nikamwambia Mwalimu.

"Ndiyo maana nakupenda."

Dakika mbili baadaye akatuma ujumbe: *Ukurasa mmoja tu, malkia wangu. Tuna maisha mazima mbele.*

Nikaingia chumba cha kukunjia na kalamu na karatasi, nikiwa nimeshakubali kushindwa. Humo anatawala rafiki yangu tunayemwita Gundi, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu jambo likimnasa halimtoki. Karatasi ikitoka mashineni ni pana kama shuka. Gundi anaikunja mpaka inakuwa kurasa kumi na sita, anazishona, anazitia gundi na jalada. Hawezi kukunja bila kusoma. Vitabu vyote vya kiwanda kile amevisoma, tena vingi amevianza katikati.

"Unaandika nini umenuna hivyo?" akaniuliza.

"Mwisho mpya."

"Wa nini?"

"Wa Mshona Mahema. Anavuka, anaolewa, anatulia."

Gundi akaacha kukunja. "Nani kakuroga?"

Nikampa simu. Akafuta mikono kwenye aproni, akaanza kusoma kwa sauti, kila jina akiliigiza sauti yake. Alipofika kwa Mke Mwema akabana pua, nikacheka bila kupenda. Kisha akafika kwa anayejiita Msomaji Makini.

"'Kinachoniudhi zaidi ni pale anapopokea barua ya kumuua mpenzi wake, anaichoma jikoni, halafu anarudi mezani anakula naye kama hakuna kitu. Moyo gani huo?'" Gundi akakunja uso. "Barua gani?"

"Ile barua ya..." Nikasita.

"Mimi nimekunja karatasi zote za kitabu hiki. Nakala mia tano! Jikoni hawaingii hata mara moja. Barua gani?"

Kalamu ikanidondoka.

Barua ilikuwepo. Ilikuwepo kwenye mswada. Siku ya kuchapa, kurasa zilifika mia moja tisini na sita. Kwa mashine yetu kitabu huenda kwa kumi na sita kumi na sita, kwa hiyo kilitakiwa kiishie mia moja tisini na mbili. Bosi akaniambia nikate kurasa nne au niongeze kumi na mbili. Nikasimama palepale kwenye kompyuta, mashine ikiningoja, nikang'oa barua yote na jiko lake. Kurasa nne kamili. Sikumsimulia mtu, kwa sababu mpanga kurasa hukata vitu kila siku na hakuna anayetaka kusikia.

"Gundi," nikasema, "mswada ule wameusoma watu watatu tu duniani. Mimi, Bosi..."

"Bosi hawezi kuandika 'moyo gani huo'. Bosi hana maneno hayo."

"...na Mwalimu."

Tukatazamana. Akainama kwenye simu tena, akapekua. "Huyu Mpenda Amani naye anaitaja barua. Wote saba wameingia kundini wiki hiyohiyo." Akainua macho taratibu. "Shoga, huyu Mke Mwema ana ndevu."

Safari hii sikucheka. Mtu akikuponda jina lake likiwa pale, unamjibu na yanaisha. Lakini huyu alikuwa ananipiga kwa mikono saba, halafu anakuja kunipangusa machozi kwa wa nane. Na zaidi ya hapo, nikaona jambo jingine lililoniuma kuliko maoni yote saba. Kama angekifungua kitabu walau mara moja, angejua barua haimo.

Nilichana ule mwisho mpya, nikabeba mkoba.

"Unakwenda kumrarua?" Gundi akauliza, tayari anavua aproni.

"Nakwenda kumpa nafasi. Kaa hapa."

Nilimkuta Mwalimu kwenye chumba cha walimu, peke yake, anasahihisha madaftari. Jua la saa tisa lilikuwa limejaa mezani. Aliponiona akasimama na tabasamu lake lile lililoniweka mikononi mwake miaka mitatu iliyopita.

"Malkia! Leo umenijia mpaka kazini?"

"Nimepita tu. Kitabu changu unacho hapa?"

"Swali gani hilo? Kipo rafuni, kila siku nakitazama."

Nikakichukua. Nilikifungua katikati, na mgongo wake ukalia *kra!* Kitabu kipya cha Gundi hulia hivyo mara moja tu maishani mwake, siku ya kwanza kinapofunguliwa. Nilisimama nacho mkononi. Yeye hakusikia chochote. Alikuwa anaandika alama kwenye daftari la mwanafunzi.

"Una lolote la kuniambia kabla ya Jumamosi?" nikauliza.

"Lolote kama lipi?"

"Lolote lile. Leo nitalisikiliza bila kukasirika. Nakuahidi."

Akaweka kalamu chini. Kwa sekunde kama tatu nilimwona analikaribia jambo lenyewe. Macho yalimcheza, mdomo ukafunguka. Nikamwombea kimoyomoyo: sema, mwanaume, sema.

"Nakupenda," akasema.

Neno hilo nililizoea na nilipenda kulisikia. Siku hiyo lilinichoma. Nikarudisha kitabu rafuni, nikamwambia tutaonana Jumamosi, na kwamba akitaka anaweza kubaki nyumbani.

"Nibaki nyumbani? Siku yako muhimu? Nitakuja. Na nitakaa mbele."

Jumamosi mabenchi yalijaa. Wasomaji kama arobaini walikaa kati ya marundo ya karatasi, kila mmoja na nakala yake. Kulikuwa na fundi saa wa mtaa wa pili, muuza dawa na wifi yake, dereva wa lori aliyesema amesoma kitabu chote kwenye foleni ya mpakani. Wale saba hakuonekana hata mmoja. Bosi aliwaita kwa majina yao, Mke Mwema, Baba Watatu, Msomaji Makini, akangoja, akatia alama kwenye orodha yake.

Mwalimu alikaa benchi la mbele kama alivyoahidi. Na pembeni yake alikaa mama yake. Sikujua kama angekuja. Kwa sura ya Mwalimu, naye hakujua.

"Mama?" nilimsikia akinong'ona. "Umefuata nini huku?"

"Tangazo lilisema wasomaji. Mimi si msomaji?"

Sikuweza kumtazama usoni.

Maoni yakaanza. Dereva wa lori akasema Mshona Mahema ni mgumu lakini angemwajiri leo hii. Wifi wa muuza dawa akasema Mchora Ramani anapendwa bure, mwanaume gani anachora ramani kurasa hamsini hajasema neno la maana. Watu wakacheka, nami nikacheka. Fundi saa akasema mwisho ulimkasirisha usiku ule alipoumaliza, na asubuhi akaamka anaupenda. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu nimekaza meno, kwa sababu utaratibu wa Bosi ni kwamba mwandishi hajibu mpaka wote wamalize.

Kisha Mwalimu akasimama. Nikatikisa kichwa kidogo, nikimwambia kwa macho, kaa chini. Alinitabasamia.

"Nitasema kama msomaji, si kama mchumba," akaanza, akiwa na ile sauti ya darasani. "Mimi nafundisha historia. Mwandishi huyu ana kipaji, hilo halina mjadala. Lakini mwisho hauaminiki, na nitawaambia kwa nini. Mkumbuke ile barua. Mshona Mahema anapokea amri ya kumuua mpenzi wake. Anaichoma jikoni, anarudi mezani, anakula naye. Mtu wa namna hiyo..."

"Barua gani?" Fundi saa aliuliza.

"Ile ya amri."

"Ukurasa wa ngapi?"

"Katikati hapo. Mia moja na... mia moja na kidogo."

Kurasa zikaanza kufunuliwa mabenchi yote. Watu arobaini walikuwa wanaitafuta barua. Dereva wa lori alifunua huku analamba kidole. Mwalimu naye akafungua nakala yake, ile niliyoifungua mimi. Akapekua mbele, akarudi nyuma, akapekua tena. Pamoja na yote aliyonitendea, nilimwonea huruma nikatamani kumfunika na koti.

"Mwanangu," mama yake akasema polepole, "kitabu hiki nimekisoma mara tatu. Hakuna jiko. Hakuna barua."

"Mara tatu?" Neno likanitoka, utaratibu wa Bosi nikausahau. "Mama, wewe umekisoma mara tatu?"

"Nitaacha kukisoma, mkwe wangu ndiye kakiandika?" Akanigeukia, na uso wake ulikuwa umejaa uchungu. "Na wewe, wiki mbili hupokei simu zangu. Nilitaka tu kukuambia kilivyonigusa. Nimekukosea nini, binti yangu?"

"Niliambiwa umesema kitabu kikiendelea hivi hukanyagi harusini."

"Mimi? Nani kasema?"

Hakukuwa na haja ya kutaja jina, maana mtu mmoja tu ndiye alikuwa amesimama.

Gundi akajitokeza mlangoni na aproni yake. "Bosi, ukitaka wale saba uliowaita, watie alama tu kwamba wamefika. Wote wamesimama pale mbele, ndani ya shati moja."

Minong'ono ikalipuka. Bosi akavua miwani kabisa. Mama akainuka, akamkabili mwanawe, na hakupandisha sauti hata kidogo.

"Huo mwisho unaouchukia, unajua mimi naufahamu kutoka wapi? Baba yako alihamishiwa mji mwingine. Akaniambia niache wodi nimfuate. Nikamwambia wodi siachi, wewe rudi. Ndugu zake wakaniita kila jina. Alikaa huko miezi minne, halafu akarudi na sanduku lake. Usingezaliwa kama asingerudi. Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia jambo hilo, mpaka nilipolikuta humu." Akapiga jalada kwa kiganja. "Na wewe unataka lifutwe, tena kwa jina langu!"

Mwalimu alitoka nje. Nikamfuata. Gundi alinishika mkono, nikautoa.

Nilimkuta uani amekaa juu ya rundo la karatasi, kichwa amekiinamisha.

"Nipige," akasema. "Nitukane."

"Sina nguvu hizo. Niambie tu kwa nini."

"Kazini wananicheka. Wananiita Bwana Jasusi. Mkuu wa shule aliniuliza mbele ya wote, mke anayejua kupanga uongo namna ile, wewe nyumbani utajua lini anasema kweli?"

"Ukamjibu nini?"

Akatazama viatu vyake.

"Ulimjibu nini?"

"Nilicheka nao."

Hapo kitu ndani yangu kikakatika. "Haya. Hilo ni la kazini. Kitabu je? Kwa nini hukukifungua?"

Akachezea kona ya karatasi. Aliponena, sauti haikuwa ya darasani tena.

"Mimi naandika historia ya shule yetu huu mwaka wa sita. Niko sura ya pili. Wewe ulikuwa unaandika chumbani kwako baada ya kazi, umechoka, macho mekundu, na ukamaliza. Ukaniletea, nikaona jina lako kwenye jalada. Nilishindwa, mpenzi. Nilijua ni kizuri. Nikasema kama watu watakikataa kidogo tu, tutakuwa sawa."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi ananiambia kweli, na nilijua hivyo kwa sababu hakuwa ananitazama aone kama nimeamini.

"Ungeniambia hivi siku ile pale shuleni," nikasema, "ningekukumbatia. Ningekaa na wewe sura ya tatu mpaka ya mwisho."

"Nimekuambia sasa."

"Umeniambia baada ya kushikwa. Kabla ya hapo ulijifanya watu saba wa kuniponda, halafu ukamsingizia mama yako. Nilikuwa nimeshashika kalamu, unajua? Nilikuwa naandika huo mwisho wako. Ningeuvunja uti wa mgongo wa kitu pekee nilichowahi kukifanya kwa jina langu, na ningekushukuru kwa ushauri."

Akainuka, akanishika mikono. "Nitakisoma leo. Chote. Nitaomba radhi mbele ya wote. Nisamehe tuanze upya."

"Nitakusamehe. Sijui lini, lakini nitakusamehe."

"Na harusi?"

Nilimpenda, nawaambia ukweli. Nilimpenda palepale juu ya yale marundo, kola yake imekaa upande na mimi vidole vinaniwasha kuinyoosha. Sikuinyoosha.

"Harusi haipo."

"Kadi mia mbili zimeshatoka! Watu watasemaje?"

"Kadi nilizipanga mimi kwenye kompyuta ile pale ndani. Nitazipangua mimi, moja baada ya nyingine. Watu waseme. Nimeshazoea maoni."

"Unaniacha huku unanipenda?"

"Ndiyo. Na nikikuambia ni rahisi, nitakuwa nakudanganya."

Nikarudi ndani. Watu wote wakainamia vitabu kwa mpigo, wakijifanya wanasoma. Mama alikuwa amekaa peke yake na mkoba magotini. Nikaketi karibu naye, akaushika mkono wangu. Aliona uso wangu, akaelewa, machozi yakamtoka.

"Mwandishi," Bosi akakohoa. "Sasa ni zamu yako. Huo mwisho mwingine umekuja nao?"

Nikasimama.

"Sikuja nao, na sitauandika. Anayetaka mwanamke anayevuka, aandike kitabu chake, nitampangia kurasa vizuri kabisa. Changu kichapwe kama kilivyo. Nukta isiguswe. Kama haiwezekani, Bosi, nipe mswada wangu niende nao kiwanda kingine, na funguo za chumba cha kompyuta hizi hapa."

Nikaziweka mezani kwake. Miaka tisa ya mshahara ilikuwa imelala pale, na sikuwa natania. Bosi alizitazama. Kisha akanisukumia funguo kwa kidole kimoja.

"Gundi," akaita, "kuanzia Jumatatu, nakala elfu moja. Kama kilivyo."

Yule dereva wa lori ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Jioni ileile nikaanza kupiga simu za kufuta harusi. Shangazi alikuwa wa kumi na moja kwenye orodha.

"Imeahirishwa?" akauliza.

"Imefutwa, shangazi."

"Kafanya nini? Ana mwanamke?"

"Alikuwa na majina saba."

"Wanawake saba?!"

"Majina, shangazi. Ni hadithi ndefu, nitakuja nikusimulie."

"Na nguo niliyoshona je? Mimi nimeshona nguo!"

"Itunze. Siku ileile nazindua toleo la pili, ukumbi uleule. Njoo uivae."

Nikamsikia anavuta pumzi ya kunikaripia. "Wewe mtoto huna adabu," akasema mwishowe. "Nitakaa meza ya mbele."

Siku ya nne, nikiwa kazini, simu ikalia. Lilikuwa kundi la wasomaji. Mwalimu alikuwa ameandika kwa jina lake kamili, na picha yake ikiwepo: *Mke Mwema, Baba Watatu, Msomaji Makini, Mpenda Amani na wale wengine watatu ni mimi. Niliandika maoni juu ya kitabu ambacho sikuwa nimekisoma. Sasa nimekisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Ni kizuri kuliko nilivyoogopa. Mwisho wake usibadilishwe.*

Hakuna aliyetuma hata moyo mmoja. Dakika moja baadaye ukaingia ujumbe mwingine, huu wa kwangu peke yangu: *Nimefanya ulilostahili kufanyiwa tangu mwanzo. Je, kuna nafasi?*

Nililia pale kwenye kompyuta, nililia mpaka Gundi akaja kusimama mlangoni. Najua ujumbe ule ulimgharimu nini. Najua mkuu wa shule atausoma. Lilikuwa jambo la kiume, nami nilijivunia kwamba niliwahi kupendwa na mtu mwenye uwezo wa kulifanya, hata kama lilikuja likiwa limechelewa.

Nikapangusa macho. Nikaandika, nikasoma mara moja, nikatuma:

*Asante kwa maoni yako.*